Kuja na Mkoba

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu asubuhi. Foleni ya madereva wa malori mpaka mlangoni mwa benki yetu hapa Busia, wote wananuka dizeli. Sikuinuka dirishani hadi saa saba. Madam Nekesa, meneja wetu mpya, akaja akasimama nyuma yangu. "Dada Imelda, enda ukule. Mimi nitakaa hapo." Meneja! Dirishani! Nilikula chapati bila kuionja. Sijui anatutafutia nini.

Jumanne, 4 Machi
Bado simwamini. Aliyemtangulia alituharibu. Alikuwa na neno lake moja: "Kuja na mkoba." Ukiambiwa hivyo, kiti chako hukioni tena. Alimwambia Rose, mwenzetu wa dirishani. Akamwambia mlinzi, ambaye hata mkoba hakuwa nao. Wakala mmoja wa forodha amenipa kazi kwake. Nimeahidi kumjibu Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nimetuma boksi la kadi za ATM za wateja wa tawi jirani la Malaba. Nikaandika juu "Malaba", basi. Madam ameuliza mguu wa mama unaendeleaje. Kumbe alikumbuka, na nilimtajia mara moja tu. Nilishtuka, nikajibu "fiti" kama mtoto wa shule.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha.
Tawi la Malaba walisubiri boksi, wapi. Madam akampigia dereva wa vifurushi. Mgeni, wa Kisumu. Hajui kwamba huku mji huo una mwenzake wa jina lilelile ng'ambo ya mpaka. Alivuka nalo hadi Malaba ya Uganda, akaliacha kwenye benki ya kwanza aliyoiona. Mimi mzaliwa wa Bukhayo, hapahapa mpakani, nimeandika Malaba bila kuandika Kenya!
Makao makuu Nairobi wakapiga simu. Madam akaweka spika, mimi nimesimama palepale. Walitaka jina la aliyekosea. Akawaambia, "Kosa ni la tawi langu. Andikeni jina langu."
Nilidhani sikusikia vizuri. Sijawahi kuona bosi akimkingia mtu kifua.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi Madam akachungulia. "Imelda, kuja na mkoba."
Kumbe ya jana yalikuwa maneno matamu tu. Nikafunga kikombe changu kwa gazeti, nikachukua malapa yangu chini ya meza. Wafula wa dirisha la kwanza alikodolea kalkuleta yake macho, hakuniangalia.
Nikaingia ofisini nikamwaga yote. Kwamba yeye ni mnafiki. Kwamba heri yule wa kwanza, aliyefukuza watu bila kuwaulizia mama zao. Nililia kwa hasira, kamasi na yote.
Madam aliduwaa. Kisha, polepole: "Tunaenda Malaba kuchukua boksi. Utavuka aje bila kitambulisho?"
Kitambulisho. Kiko mkobani.
Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.
Tulienda. Tukavuka, tukalikuta boksi halijafunguliwa. Tukirudi nikamweleza maana ya neno lile hapa kwetu. Hakujua. Tulipoingia Busia akasema tu, "Pole, dada."
Wakala wa forodha alipiga jioni. Nimemwambia sihami.

Jumatatu, 10 Machi
Madam ameitwa ofisi ya kanda, Kisumu, akajieleze kuhusu boksi. Kosa langu, anayekwenda ni yeye. Nilijitolea kwenda mwenyewe. Amekataa.
Wafanyakazi wote tulisimama akitoka. Alichukua simu, kitambulisho na funguo za gari. Mkoba akauweka juu ya kiti chake, mlango wazi, sote tunaona.
"Nitarudi kuuchukua," akasema. Hakuna aliyecheka.
Naandikia hapahapa kazini. Wateja wameisha, mvua imeanza tena. Wafula amechemsha chai, hajaenda nyumbani. Hakuna aliyeenda.
Mkoba bado uko kwenye kiti.