Damu ya Nasra Kwenye Asidi

Jumatatu, 5 Mei
Maabara tena. Himoglobini ya kawaida, ya kichanga, ya selimundu. Nimetia asidi ya mafuta, kisha nikaongeza uchachu kidogo kidogo. Ya selimundu imeharibika kwanza, ikawa kahawia. Ya kawaida imevumilia. Msimamizi kafurahi. Mie sikufurahi. Ile iliyoharibika ni damu ya Nasra, mdogo wangu.

Jumatano, 7 Mei
Nasra anaumwa. Jana alilowa mvua akitoka dukani kwake. Miguu, mgongo, sasa kifua. Anatapika hata maji. Mama anamkanda. Hali kitu, mwili unachoma mafuta, damu inazidi asidi. Himoglobini yake inaachia oksijeni, inagandamana, seli zinajikunja, zinaziba mishipa. Najua yote. Sina la kufanya. Nauchukia usomi wangu.

Alhamisi, 8 Mei
Kalazwa. Dripu, oksijeni, morfini. Bado analia. Daktari kasema asidi imepanda, damu imepungua mno, aongezewe haraka. Ya grupu lake hakuna. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.
“Wewe umebeba kinasaba cha selimundu, dada. Yako hatuwezi kumpa.”
Nimelia chooni.

Ijumaa, 9 Mei
Tumempigia kila mtu. Kabaki mjomba Hamadi wa Kawe, kaka yake mama. Hawasemezani tangu mirathi ya babu. Mama kakataa kumpigia. Nimempigia mie.
“Shikamoo mjomba. Nasra anakufa.”
Akakata.
Namchukia. Namchukia mama pia. Nimeanza dua, maneno yakanipotea katikati. Macho ya Nasra yamekuwa manjano. Hanitambui.

Bado Ijumaa. Jioni.
Kaja! Na vumbi la kiwandani, hata hajabadili nguo. Hakumsalimia mama. Akakunja mkono wa shati, akamwambia nesi, “Toeni.” Wamempima. Grupu sawa, kinasaba hana. Nimemshika miguu. Akaniambia niinuke, watu wanatazama.

Jumapili, 11 Mei
Damu ya mjomba imemwingia, maumivu yamepungua. Nasra kalala, anapumua mwenyewe. Mama na mjomba wapo kwenye benchi la nje, hawaongei. Wanakula chungwa moja.
Mama kaniuliza, “Hayo unayosomea, yatamsaidia?”
“Bado, mama. Sijui.”
Akanipa kipande.
“Basi kesho uende ukasome. Hapa tupo sie.”
Mjomba akaitikia kwa kichwa.