Golikipa Wetu na Mwaka Mmoja Niliomwongezea

Tumefuzu, wifi! Muganyizi amepangua penalti mbili na timu ya taifa ya vijana inakwenda Afrika! Mbili, mfululizo! Ya kwanza kwa mkono wa kushoto, ya pili kwa ncha za vidole. Mtangazaji alilitaja jina lake mpaka akalizoea, maana mwanzoni alikuwa analitamka kama mtu anayetafuna kiazi cha moto.

Mpendwa wifi yangu Kemilembe, shangazi wa golikipa, sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo huko Dodoma? Watoto hawajambo? Sisi wazima. Kaka yako amekauka sauti, lakini si ugonjwa, ni kelele za jana. Nakuandikia kwa sababu huu mwezi wa tatu simu zangu hupokei. Barua huwezi kuikata katikati.

Jana niliingia kwenye banda la mpira pale senta, mimi ambaye tangu nizaliwe sijawahi kulikanyaga. Wanaume wakanipisha benchi la mbele. “Mama kipa, pita hapa, waitu!” Nikakaa kama mke wa waziri. Penalti zilipoanza nikafumba macho, kaka yako akawa ananisimulia huku ameng'ang'ania kitenge changu utadhani yeye ndiye anayepigiwa. Watu waliporuka wakipiga kelele kwamba tunakwenda Afrika, mzee Rwegasira, yule jirani yetu mwenye maneno, akauliza, “Kwani hapa Buganguzi palikuwa Ulaya?” Banda zima likacheka.

Wanaojua mpira wanasema timu hii ya vijana ilishafika fainali za Afrika miaka ya nyuma, ila kila ikifika inarudi kabla sufuria haijachemka. Hatua ya makundi, basi, nyumbani. Safari hii wameweka mlangoni mtoto wa Kihaya, tuone nani atapitisha mpira. Wahaya tunasemwa kwa kujisifu. Wacha waseme. Nisipomsifu mimi niliyembeba, amsifu nani?

Unakumbuka alipozaliwa? Wewe ndiye uliyempokea kutoka kwa nesi. Ukamfunua kitenge ukasema, “Mawe, mama yangu! Mikono hii ni ya mtu mzima, mwili utaifuata lini?” Na ile siku ulipopanda kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, ukawa unadondosha maparachichi na yeye anayadaka chini. Alikuwa na miaka minne tu. Halikupasuka hata moja, isipokuwa lile lililonipata mimi kichwani, na mpaka leo sijaamini kwamba liliteleza.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Siku ile ya kumwandikisha darasa la kwanza tulikwenda wote wawili. Mwalimu mkuu alikuwa anawapima watoto kama ilivyokuwa kawaida: pitisha mkono juu ya kichwa, gusa sikio la upande wa pili. Asiyefikia, arudi mwakani. Muganyizi wangu hakugusa sikio, alilishika lote na vidole vikafika kwenye taya! Mwalimu akashangaa. “Huyu kazaliwa mwaka gani, mama?” Nami kwa tamaa ya kuona mtoto wangu anawatangulia wa wenzangu, nikataja mwaka uliotangulia ule wa kweli. Ukanivuta mkono ukaninong'oneza, “Mama Muganyizi, mwaka mmoja nao ni mwaka. Njia ya mwongo ni fupi.” Nikakujibu, “Nyamaza wewe, nani atauhesabu?”

Wameuhesabu, wifi. Cheti cha kuzaliwa tulikuja kukikata kwa kufuata karatasi za shule, mwaka ule wa uongo ukapigwa muhuri. Akakua nao. Alipoitwa kambini Dar es Salaam wakampiga picha ya kifundo cha mkono, maana siku hizi umri wanauangalia kwenye mifupa. Kocha akanipigia. “Mama, picha inasema mtoto bado mdogo, anaruhusiwa. Cheti kinasema amezidi. Nani anasema kweli?”

Akaniambia zamani vijana wetu walishafuzu kwenda Afrika, kisha wakaondolewa kwa ajili ya umri wa mchezaji mmoja. Mmoja tu, wifi, nchi nzima ikabaki nyumbani. “Siwezi kumpanga mtoto ambaye karatasi yake inagombana na mifupa yake,” akasema. “Nakupa wiki mbili.” Muganyizi akawa anakaa pembeni ya uwanja na nguo za nyumbani, akiwaokotea wenzake mipira.

Ndipo nikafanya lile unalolijua. Nikakupigia simu, kaka yako akiwa amekaa hapo hapo anasikia, nikakubwatukia, “Ni wewe uliyenishauri!” Ukasema neno moja tu, “Mimi?” Halafu simu ikakatika, na tangu siku hiyo hupokei.

Nilipanda gari kwenda Bukoba nimevaa kitenge cha sikukuu, na uongo mwingine nimeuandaa vizuri. Mzee Rwegasira alishanifundisha: sema karani alikosea kuandika. Njia nzima nilikuwa naurudia, Kemondo tunapita mimi bado naurudia. Nikafika dirishani kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Binti wa ofisini akatazama cheti, akaniuliza kwa upole, “Mama, mwaka huu aliutaja nani?” Nikafungua mdomo niseme karani. Nikaiona sura yako siku ile shuleni, unanivuta mkono. Nikasema, “Ni mimi, mwanangu. Niliongeza.”

Hakunifokea. Akasema, “Basi lete kitu kilichoandikwa kabla ya shule.” Kadi ya kliniki, mchwa walishaila. Nikarudi Buganguzi mbio mpaka kwa mchungaji, akafungua kile kitabu kikubwa cha ubatizo. Akashuka na kidole, akashuka, akasimama. Jina la Muganyizi. Tarehe ya kuzaliwa, ile ya kweli. Na hapo chini: msimamizi, Kemilembe, shangazi.

Wifi, nililia mbele ya mchungaji.

Maana unakumbuka mimi sikutaka abatizwe mapema. Nilitaka tungoje mavuno ya kahawa tufanye sherehe ya kusemwa mpaka Muleba mjini. Wewe ukakataa katakata. “Mtoto hangoji kahawa,” ukasema, ukambeba mwenyewe hadi kanisani akiwa wa wiki tatu, kitovu hakijapona vizuri. Ungenisikiliza, tungempeleka anatembea, na nani angeamini tarehe ya mama aliyekwisha kudanganya mara moja? Nilikurushia kosa langu mimi mwenyewe, kumbe jina lako ndilo lililokuwa limemshikia mtoto nafasi miaka yote hiyo.

Mchungaji akaniuliza, “Huyu shangazi yuko wapi siku hizi? Hatumwoni.”

Mengine yalikwenda. Mchungaji akaandika barua, nikala kiapo mahakamani, cheti kikasahihishwa. Kocha akanipigia siku ya mwisho kabisa. “Mama, kijana amevaa glavu.” Nikacheka mpaka mbuzi wakakimbia.

Kaka yako nimemweleza yote, mbele ya mama mkwe. Nimesema, uongo ulikuwa wangu, Kemilembe alinikataza. Unajua mama mkwe alijibu nini? “Tulijua. Tulikuwa tunangoja useme.” Wakaendelea kumenya ndizi! Sasa nimebakiza wewe. Nisamehe, wifi yangu. Furaha hii ni kubwa sana lakini haikai sawa, naigeuza huku na huku, upande mmoja umepwaya. Kila nikitaka kumsimulia mtu alivyoruka, ninayetaka kumsimulia ni wewe.

Muganyizi anapewa siku chache za kuja nyumbani kabla timu haijasafiri. Kitu cha kwanza alichoniuliza kwenye simu si chakula. “Mama, shangazi atakuwepo?” Nikamwambia atakuwepo. Nimeahidi kwa niaba yako. Ndiyo hivyo, tabia haijaisha yote, lakini huu naomba usiuache uwe uongo.

Kaka yako ameshachagua ndizi za kukamulia pombe ya rubisi, samaki tumeagiza Kemondo, mchungaji anakuja na kwaya, na mwalimu mkuu aliyestaafu nimemwalika nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Kaa salama, uwabusu watoto, na mumeo mwambie akuruhusu bila maneno mengi. Watu wote wanafika Jumamosi ijayo. Wewe fika Ijumaa, ili wakija wakukute mlangoni unawapokea.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mama wa golikipa wa taifa