Simu Naiacha Mezani

Mama, maharage yako jikoni, yapashe tu. Nguo uzianue, mvua inakuja.

Uliponipigia sikukwambia yote. Tangu macho ya Bibi yagome, kumsomea Biblia asubuhi ni kazi yangu, sivyo? Basi mwezi mzima simu ndiyo imemsomea, mimi napamba keki za wateja. Leo chaji ikakata. Bibi akacheka kidogo: "Afadhali. Huyo bwana wako wa kwenye simu hajawahi kuniuliza kama nimechoka." Hata sijajibu, akaanguka.

~~Narudi saa kumi kumalizia keki ya harusi.~~ Sirudi leo. Simu naiacha mezani ikichaji; mwenye keki akipiga, mwombe radhi. Nimefuata Biblia tu, narudi hospitali. Daktari anasema Bibi hasikii tena. Nitamsomea hivyo hivyo.

Mwanao