Sura ya Rebeka wa Sokoni

Lushoto, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute goti limepoa, na uwele shambani umepata mvua. Mwalimu anayekusomea nampa salamu, asome taratibu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na huku ugenini sina wa kumwambia.

Unajua asubuhi, kabla ya kufungua studio, huwa nakwenda sokoni kuwapiga picha akina mama wanaofunga maua ya kupelekwa Tanga. Wanakaa chini kwenye ukungu, khanga mbili mbili, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya baridi. Wote walinizoea isipokuwa Rebeka, dada mmoja wa Mlalo. Kila nikiinua kamera alijifunika uso.

"Sura yangu utaipeleka wapi, ndugu mpiga picha?"

"Ni kumbukumbu tu."

"Mimi sijafa. Unanikumbuka nini?"

Wenzake wakacheka, nikaona haya. Kesho yake nikajibanza nyuma ya magunia ya kabichi, nikampiga picha ameinamia maua. Niliamini hakuniona.

Siku nne baadaye mvua ilinyesha, na lori lililowabeba pamoja na maua likateleza kwenye kona za kushukia Mombo. Wenzake walitoka na majeraha. Rebeka alifia palepale.

Filamu ile niliisafisha baada ya maziko. Mama, hakuwa ameinama. Alikuwa amenikazia macho. Tangu siku hiyo, sura yoyote ikianza kutokea kwenye dawa ya kusafishia picha, kwanza naiona yake.

Juzi mama yake alikuja studio. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unayo picha ya binti yangu. Nyumbani hatuna hata moja."

Nilimpa. Nikamweleza pia kwamba bintiye alinikataza, nami nikaipiga kwa kuiba. Nilidhani atanirudishia. Badala yake akaifunga ndani ya leso, akaomba nimsindikize kwenye basi la Mlalo.

Tulipofika aliifungua tena, akaisogeza karibu na pua.

"Macho yangu yana ukungu," akasema. "Niambie wewe. Hapa amekasirika?"

"Hapana, mama. Anatabasamu."

Akanishukuru, akapanda. Hakuwa akitabasamu, mama yangu. Na huko Mlalo wapo wajukuu zake wenye macho mazima, nao wataiangalia ile picha na kumsimulia bibi yao wanachokiona.

Sokoni sijaenda tena. Nipe shauri: nimfuate nimwambie kweli, au nimwachie hilo tabasamu?

Nisalimie dada Tatu na watoto wake, na mjomba anayekulimia. Mwambie shangazi dawa ya kifua nimeipata, nitampa mtu anayekuja huko.

Niombee dua.

Mimi mwanao,
Saidi