Papa, Ni Mimi Niliyesema Huishi Hapa

Papa wangu uliye mbali,

Yule polisi wa mtaa anayehakiki wakazi alikuja nyumbani. Hilo sijamwambia mtu yeyote, si Maman, si Tonton Saidi, hata peke yangu chumbani sijawahi kulitamka. Alikuja mwezi wa tatu, Jumatano mchana, saa ambayo shule zimekwisha kufunga na Maman bado yuko kazini kwa wazee anaowatunza. Alibonyeza kengele, nikafungua mimi. Akauliza kama wewe bado unaishi hapa. Nikasema hapana.

Sasa uko jangwani ndani ya kamioneti yako, unangoja jibu la commune, ile ofisi ya manispaa, na kila siku unajiuliza nani alikufuta kwenye daftari la wakazi. Si kompyuta iliyokosea. Si mtu wa kiwandani aliyekuchongea, kama anavyodhani Tonton. Ni mimi.

Nilipoandika maneno hayo niliinuka, nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi. Nimeyakuta palepale.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Shuleni nimesomeshwa kwa Kifaransa, halafu kwa Kiflamandi, na katika lugha hizo mbili najua kutunga sentensi ndefu za kujitetea. Mwalimu hata hunipa alama nzuri. Kiswahili nilikipata kwako, tukimenya viazi, na hukunifundisha maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo nitasema tu.

Unakumbuka kamioneti ilivyokuja? Kiwanda cha magari cha mtaani kwetu, Forest, kilipofungwa, ulikuwa umepachika milango ya magari kwa miaka kumi na minane. Wiki mbili nzima ulikaa jikoni asubuhi umevaa koti, kama mtu ambaye zamu yake imecheleweshwa. Maman alipita nyuma yako na chai. Halafu Jumamosi moja ukaleta kamioneti kuukuu iliyokuwa ya duka la mikate. Ukifungua mlango wa nyuma, harufu ya unga bado ilikuwamo. Tonton Saidi, ambaye mmejuana tangu mtaa wenu wa Buyenzi, kule Buja, aliizunguka mara mbili mikono mgongoni.

"Weye, wazungu wanangoja pension ndiyo wanalala garini," alisema. "Yako iko wapi?"

Ukamjibu kwamba uzee unaujaribu kwanza, ukikutosha ndipo utauchukua. Alicheka mpaka akaegemea taa ya nyuma, na taa ikadondoka.

Jumamosi zote za majira yale tulifanya kazi pamoja. Nilishika tochi, nilikata sponji ya kuzuia baridi, nilikusomea maelezo ya jiko la gesi yaliyoandikwa Kiflamandi kitupu. Siku ya kitanda uliniambia nilale juu ya ubao. Ukachora mstari wa penseli kichwani, mwingine kwenye visigino, kisha ukaongeza upana wa kiganja.

"Bado unarefuka, mama," ulisema.

Chako kilikuwa chini, changu juu. Ukakata na dirisha dogo la duara ubavuni, ili nikiamka nione nje kabla sijaonana na mtu. Hakuna mwingine ambaye angefikiria hilo. Watu huniambia nichangamke. Wewe ulinikatia dirisha.

Lakini hukuniacha nijifiche kila mahali. Kwenye duka la mikate la kona yetu ulinisimamisha mbele ya kaunta, ukatoka nje na kusimama mvuani ili nisiwe na wa kumtazama. Nilinong'ona, yule mama akaniomba nirudie, nikanong'ona tena, watu wakaanza kupumua nyuma yangu. Nikatoka bila mkate. Hukunigombeza. Ulinirudisha ndani kwa mkono begani. "Sema weye, mama. Mdomo ni wako." Tulirudi mara tatu siku hiyo. Mara ya tatu nikapewa mkate, ila si ule tuliotaka, nasi tukaula wote njiani.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Uondoke Septemba peke yako, ukalijaribu gari mpaka jangwani kusini mwa Maroko, urudi baada ya miezi miwili. Kisha mitihani yangu ikiisha, Juni, twende wote. Niliuandika kwenye ajenda, daftari langu la ratiba ya shule, na hata leo sijaufuta.

Miezi miwili ikapita. Giaboksi ikaharibika, ukangoja kipuri kutoka Casablanca. Kipuri kikafika, ukasema unapumzika kidogo. Baada ya hapo hukutoa sababu tena, na sisi tukaacha kuuliza. Ulinitumia sauti, na nyuma ya sauti kulikuwa na upepo. Ulinieleza kwamba pale nje ya Zagora kuna wazee wa Kifaransa na wa Kiflamandi wanaokimbia baridi ya kwao, wana magari makubwa meupe, na kwamba milango yao inajaa mchanga na kukwama, na wewe umekuwa fundi wao. Ulikuwa unacheka. Humu ndani hukucheka hivyo tangu kiwanda kifungwe. Nilikisikiliza kicheko kile mara nyingi sana kitandani, Papa, na badala ya kufurahi niliumia, kwa sababu kilikuwa cha mtu asiye na hamu nasi.

Nilimwambia Maman. Alikuwa anakunja sare zake za kazi, hakuinua hata kichwa.

"Papa yako anapumua kule," alisema. "Umuache apumue."

Sasa Jumatano yenyewe. Asubuhi ile, nikiwa kwenye tramu, ulinitumia picha ya ndani ya kamioneti. Ulikuwa umepanga vitu vizuri, kama unavyopenda. Kwenye kitanda changu kulikuwa na madumu sita ya maji, gunia la vitunguu na tairi la akiba. Dirisha langu la duara halikuonekana, limezibwa na madumu. Chini ya picha uliandika: Sasa nyumba imekaa sawa.

Najua maji lazima yawekwe mahali. Leo najua. Siku ile niliitazama picha ile darasani mpaka mwalimu akaninyang'anya simu.

Polisi alikuwa kijana, na mpole. Alipangusa viatu kwenye zulia ingawa hakuingia. Alitaja jina lako vizuri kuliko wanavyolitaja wengine, akauliza kama unaishi hapa. Ningeweza kusema yuko safarini. Ningeweza kusema anarudi, ngoja nimpigie Maman, hiki hapa chumba chao, viatu vyake hivi. Koti lako lilikuwa limetundikwa nyuma yangu, lile la jikoni. Nikauvuta mlango kidogo ili asilione.

"Non, monsieur. Il n'habite plus ici."

Haishi tena hapa. Akauliza tangu lini, nikamjibu tangu Septemba. Akauliza kama kuna vitu vyako, nikasema hakuna. Akauliza umri wangu, nikasema kumi na tano, akaandika. Alinishukuru. Siwezi kusingizia kwamba sikumwelewa au kwamba neno liliniponyoka. Kifaransa nakijua, na lile koti nililificha kwa mkono wangu.

Kinachonitesa kuliko vyote ni hiki. Sikunong'ona. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema na mtu nisiyemjua nikimtazama usoni, sauti imenyooka, wala hakuniomba nirudie. Ulikuwa umenifundisha miaka yote hiyo, na siku nilipofaulu, maneno yenyewe yalikuwa hayo.

Barua ilikuja mwezi wa nne, kwa Kiflamandi, kwa kuwa ndiyo lugha uliyoichagua wewe kwenye karatasi zetu, ukisema mtoto atatusomea. Niliisoma. Nilimfasiria Maman kwamba umefutwa, kutokana na uchunguzi uliofanyika nyumbani. Maman aliweka kijiko chini.

"Uchunguzi gani? Kuko muntu alikuya hapa?"

Nikasema hapana, Maman, labda walikosea nyumba. Aliniamini mara moja. Ni mimi huwa nasoma barua za nyumba hii, angeanzaje kutoniamini?

Maman alikwambia, lakini ulidhani kadi bado itakupitisha, na mwezi wa tano ukaamua kurudi. Hukutuambia, ulitaka kutushtua kwa furaha. Ulifika mpaka bandari ya Tanja, ukasimama kwenye foleni ya meli, na pale wakakwambia kadi yako ya ukazi haifanyi kazi tena. Siku mbili ulizunguka nayo, dirisha moja hadi jingine. Kisha ukanitumia sauti. Bado ninayo. "Bon, mama, wanasema kadi imekufa. Usiogope. Ni kosa la watu wa ofisi, litarekebishwa." Ulikuwa unanituliza, mimi.

Ukageuza gari, ukarudi jangwani, kwa sababu bandarini wanawafukuza wanaolala garini, na kule angalau wanakujua. Ila ulikuta wazee wakianza kuondoka. Joto lilikuwa limeingia, kila mmoja akakunja kiti chake na kuelekea kaskazini. Yule bibi wa Kiflamandi aliyekuachia turubai lake la kivuli alikuwa wa mwisho. Ulimuaga kwa Kiflamandi, na ukaniomba nikuhakikishie kama ulisema sawa. Ulisema sawa, Papa. Sikukujibu tu.

Sasa umebaki peke yako pale. Mchana unalala chini ya gari, maana ndani hakukaliki. Siku moja unasema utangoja jibu la commune. Siku ya pili unasema ruhusa yako ya kukaa Maroko nayo inakaribia kwisha, heri uteremke Mauritania, uende hivyohivyo mpaka Buja, barabara zikikukubali. Tonton alipolisikia hilo hakufanya mzaha. Ndipo nikaogopa kweli. Jana uliniuliza, "Mama, weye ungefanyaje?" Nikakutumia picha ya moyo. Mtu anakuuliza aende wapi na maisha yake, wewe unamtumia kimoyo chekundu.

Jumatatu Maman anakwenda kwa mwanasheria. Kuna karatasi ya kutia sahihi inayosema kwamba hakuna polisi aliyewahi kufika mlangoni kwetu, kwa hiyo ulifutwa bila uchunguzi. Mwanasheria amesema hoja yenu yote imesimama hapo. Maman ameisoma, anaiamini, maana mimi ndiye niliyemwambia. Lakini yule kijana aliandika. Umri wangu umo kwenye daftari lake. Siku watakapolitoa, Maman ataonekana mwongo mbele yao, na baada ya hapo hata tukisema ukweli nani atatusikiliza? Wewe utabaki huko, au utapinda kusini, na sitakuona tena mpaka niwe mtu mzima. Nimejaribu kumwambia tangu Alhamisi. Nikifungua mdomo naulizia chakula.

Sitaki kukudanganya hata kidogo katika barua hii, kwa hiyo nikwambie na hili: bado nina hasira nawe. Najua sina haki, lakini ipo. Ulisema miezi miwili. Ulitukosesha sauti yako mezani ukaenda kuwachekea wazee wa watu. Nilipomwambia yule polisi huishi hapa, nusu yangu ilikuwa inataka arudi akwambie, wewe usikie, uwashe gari siku hiyohiyo. Nilidhani polisi hufikisha ujumbe. Nusu nyingine ilitaka uumie kidogo tu, kiasi nilichoumia mimi kwenye tramu. Sikujua kwamba neno langu lina uzito wa kuzuia meli.

Mwanasheria atanihitaji mimi, si ile karatasi. Itabidi niseme mbele ya watu nisiowajua kwamba nilisema uongo, kwamba koti lilikuwepo, kwamba baba yangu alikuwa safarini na alikuwa na nyumba. Nimefanya mazoezi bafuni maji yakiwa wazi. Nasema nusu, sauti inakatika. Huenda isisaidie kitu. Huenda wakasema miezi ilikuwa mingi mno hata hivyo. Sijui, Papa. Ila usigeuze gari kusini kabla hujasikia kutoka kwetu. Hilo ndilo jibu la swali lako la jana, nimechelewa siku nzima kulitoa. Ngoja. Kunywa maji hata kama huna kiu, na jioni sogea karibu na yule mlinzi wa kisima unayenisimulia, usilale mbali na mtu.

Barua hii niliianza mara nne wiki hii. Kila niliposikia hatua kwenye ngazi niliisukuma chini ya daftari la hesabu, na nyingine nilizichana.

Nazisikia sasa. Ni Maman, anapanda polepole, anapumzika ghorofa ya pili kama kawaida yake. Amefika mlangoni, anatafuta ufunguo. Mkono wangu umeshika pembe ya karatasi, na nimeuondoa. Ameingia. Anavua viatu, ananiuliza kama nimekula na ninamwandikia nani, maana ameona ni Kiswahili. Nimemjibu kwamba nakuandikia wewe, na kwamba kabla ya Jumatatu lazima asome. Anaketi. Bado hajavua koti la kazi. Namwachia nafasi chini ya taa, nami nakuaga, Papa, kwa sababu karatasi anaitaka.

Mimi,
binti yako