Fimbo za Kupura Alizeti

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Ihanja tumevuna alizeti, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Umeuliza kama dawa zitamrudishia babu yako kumbukumbu. Daktari aliniambia kuna kemikali inayopeleka habari kwenye ubongo, inaitwa asetilikolini, na seli zinazoitengeneza zinakufa. Dawa inaizuia ile iliyobaki isivunjwe haraka. Seli zilizokufa haizifufui.

Katika usichana wangu, tulipura uwele wawili wawili kwa zamu; fimbo ya mmoja ikipanda, ya mwenzake inashuka. Siku moja nilipangwa na kijana mgeni. Kila nikishusha fimbo, naye anashusha, zinagongana. Nikamfokea, "Hujui zamu yako?" Akacheka tu. Alikuwa anaijua sana. Ndiye babu yako.

Juzi aliniuliza, "Mama, wewe ni wa nyumba gani?" Nilimpa fimbo, tukapura alizeti. Akafuata zamu vizuri, hakukosea. Halafu fimbo zetu zikagongana. Nilipomtazama, alikuwa anacheka.

Sikumuuliza jina langu. Nawe ukija usimuulize lako. Chukua fimbo.

Bibi yako