Kamba ya Mheshimiwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa dirishani kwako, miwani ikiwa puani na si juu ya kichwa huku ukiitafuta nyumba nzima. Vipi goti lako? Mwanao aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono, nikafurahi sana. Sisi huku hatujambo. Binti yangu bado ni muuguzi wodi ya watoto. Anarudi amechoka hoi, lakini hakosi kuniuliza kama nimekula.

Sasa kaa vizuri usije ukaanguka kwa kicheko. Mimi, ndugu yako, nafuga mbwa.

Najua unachofikiria. Unaikumbuka asubuhi tulipoukimbia mji wetu: milango wazi, watu hakuna, mbwa wamebaki wenyewe barabarani wakitutazama. Tangu siku hiyo nikisikia mbwa anabweka, navuka barabara. Lakini daktari alisema nitembee kila siku, na binti yangu, akijua sitoki bila sababu, akaniletea sababu yenye miguu minne. Nilimwambia simtaki. Akaniuliza kitoto kile, kinachoenea ndani ya kapu, kitanifanya nini.

Tumemwita Mheshimiwa, maana siku ya kwanza nilipomfunga kamba aliketi katikati ya njia kama mgeni rasmi anayesubiri kupigiwa makofi. Kamba niliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Kinyozi wa chini ya ghorofa letu, ambaye amefuga mbwa tangu utotoni, alitoka na mkasi mkononi akauliza, eti Mzee, hapo nani kamfunga nani? Wateja wake wakacheka, nami nikacheka.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Kamba iachwe ilegee. Mbwa akivuta, usimvute wala usimgombeze. Simama kimya kama mlingoti mpaka arudi kwako, ndipo mwendelee. Njia iwe ile ile kila siku: kwa kinyozi, ukuta wa shule, duka la dawa, kisha kurudi. Mkifika mlangoni, mpe kipande cha ini la kuchemsha. Nilitafuta na kitabu pia, unanijua, lakini kitabu hakikuongeza kitu ila picha. Baada ya majuma kadhaa Mheshimiwa alikuwa akitembea ubavuni pangu kama mtu na mwenzake, na kamba nikaishika kwa kiganja kizima.

Kisha, Mheshimiwa akiwa amekwisha kuwa mbwa mzima, ikaja siku moja ya duka la dawa. Nilitoka na vidonge vyangu vya presha, mchana kweupe, nikasimama penye njia panda, na sikujua nyumbani ni wapi. Si kwamba nilichanganya mitaa, Dada. Mitaa yote ilikuwa mbele yangu na sikuujua hata mmoja. Mama mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu kwa adabu kwamba hapana. Simu nilikuwa nimeiacha mezani. Mheshimiwa akavuta. Nilipaswa kusimama, lakini sikuwa na pengine pa kwenda, nikamfuata. Alinivuta mpaka mlangoni, akaketi, akasubiri ini lake.

Kinyozi alituona tunavyokuja, akanifokea kwa mzaha kwamba nimeharibu shule yote kwa siku moja. Nikamwambia uzee huo, mkono umelegea.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Haikuwa siku hiyo tu. Na tangu hapo nimekuwa nikimfundisha Mheshimiwa kinyume: tukienda, atembee ubavuni, nikisema turudi, avute kwa nguvu zake zote. Nampa ini maradufu. Lakini binti yangu amekwisha kumwona akinivuta. Anasema mbwa huyu ataniangusha nivunjike nyonga, na Jumamosi atampeleka kwa ndugu wa yule kinyozi, mwenye shamba. Nikinyamaza, Mheshimiwa anaondoka, na siku moja nitatoka nisirudi. Nikisema, naogopa mlango utafungwa na ufunguo utakaa mfukoni mwa mtu mwingine. Nilikwisha kupoteza mji mzima. Nilidhani barabara hii moja fupi nitaachiwa.

Cha ajabu, njia ya kwetu ya zamani ninayo yote: geti la kijani, fundi cherehani aliyekuwa akituita wadeni wake, zile ngazi zilizobomoka. Haijanitoka hata jiwe.

Nimeamua. Kesho nitamwomba binti yangu atembee nasi. Tukifika njia panda nitamwambia akae nyuma yetu, asiseme neno, atazame. Kisha nitasema turudi. Naogopa, Dada, kuliko nilivyoogopa asubuhi ile, maana asubuhi ile ulikuwa umenishika mkono.

Wape salamu wote walio nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mheshimiwa amelala juu ya kiatu changu na sithubutu kusogeza mguu, basi niishie hapa.

Loo, nilikuwa karibu kusahau kukuuliza: vipi goti lako? Mwanao aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono. Nimefurahi sana.

Ni mimi, mdogo wako,
Kijino